SOMO LA WAFANYAKAZI: Kwa Nini Vijana Wetu Hawadumu Katika Kazi za Hoteli na Maduka



Somo letu la safari hii linahusu watoto wetu. Wengi wetu tulio katika mashamba ya miwa ya Kakira, Lugazi na Kinyara, katika chai ya Kyenjojo na Bushenyi, na katika viwanda vya Jinja na Kampala, tumewasomesha watoto kwa jasho la panga na la mashine ili wao wasije wakashika panga. Sasa watoto hao wamekua. Wachache wamepata kazi za ofisi tulizozitumaini. Wengi zaidi wamekuwa wahudumu wa hoteli na mabaa, wauzaji katika maduka makubwa, watia mafuta katika vituo vya petroli, askari wa makampuni ya ulinzi, na wasichana na wavulana wa kupokea simu za wateja mchana na usiku. Kazi hizi huitwa kazi za huduma, kwa sababu kinachouzwa hapo si mfuko wa sukari wala katoni ya sabuni, bali ni kumhudumia mtu.

Jambo tunaloliona sote ni hili: kijana anaanza kazi mwezi wa kwanza, mwezi wa tano yuko nyumbani. Anapata kazi nyingine, haimalizi miezi sita. Mwishowe anatafuta wakala wa kumpeleka Uarabuni. Katika mikutano ya matawi nimewasikia wazee wakisema, "Vijana wa siku hizi ni wavivu, wanataka pesa bila kazi." Na waajiri nao husema maneno hayo hayo. Ndugu zangu, ikiwa sisi na mwajiri tunasema neno moja juu ya watoto wetu, inafaa tusimame kidogo tulichunguze neno lenyewe kabla ya kuliamini.

1. KUCHOKA NA KUCHAKAA SI KITU KIMOJA

Mkata miwa akimaliza kipande chake amechoka. Anaoga, anakula, analala, asubuhi nguvu zimerudi. Huku ndiko kuchoka, na kila mtu afanyaye kazi anakujua.

Kuna hali nyingine, ambayo katika somo hili tutaiita kuchakaa. Mtu analala lakini anaamka amechoka kama alivyolala. Siku ya mapumziko haimsaidii. Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja huko New York, jina lake Herbert Freudenberger, aliandika juu ya hali hiyo baada ya kuiona kwa watu waliokuwa wakihudumia wagonjwa katika zahanati za bure. Baada yake Christina Maslach wa California aliwachunguza wauguzi, walimu na wengine wanaohudumia watu, na mwaka 1981 yeye na mwenzake Susan Jackson walitoa kipimo cha maswali cha kuipima hali hiyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza katika orodha yake ya magonjwa kwamba kuchakaa huku si ugonjwa wenyewe, bali ni hali inayotokana na shida za kazi za muda mrefu ambazo hazikupatiwa dawa kazini. Shirika hilo lilitaja dalili tatu:

(a) Nguvu zimekwisha kabisa.
(b) Moyo umejitenga na kazi. Mtu anaichukia kazi, au anawaona wateja wote kuwa maadui.
(c) Kazi haitoki vizuri kama zamani, na mwenyewe anajiona hafai.

Tazameni neno muhimu hapo: shida za kazi. Hawakusema kwamba ni tabia ya kijana, wala malezi ya mama yake. Mashine ikikatika mkanda kila juma, fundi mwenye akili huuliza kama inatiwa grisi, kama imepakiwa kupita kiasi, na inafanya kazi saa ngapi bila kuzimwa. Hasemi kwamba mashine za siku hizi ni vivu. Basi na mtu tumuulizie hivyo hivyo.

2. MAMBO MATATU YANAYOMCHAKAZA MTU

Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Robert Karasek, alichunguza habari za wafanyakazi wa nchi yake na wa Uswidi. Aliona kwamba kazi nyingi peke yake si jambo linaloumiza zaidi. Kinachoumiza zaidi ni kazi nyingi pamoja na kutokuwa na ruhusa ya kuamua lo lote juu ya kazi hiyo. Baadaye wenzake waliongeza jambo la tatu, yaani msaada wa wenzako na wa msimamizi. Kwa hiyo tunaweza kuipima kazi yo yote kwa maswali matatu: Mzigo ni mkubwa kiasi gani? Nina nafasi gani ya kuamua? Nani ananisaidia nikielemewa?

Tuchukue mfano wa dereva wa trekta la miwa. Mzigo wake ni mkubwa, lakini njiani anaamua mwendo wake, anajua wapi pana tope, na akikwama wenzake wanakuja kusukuma. Sasa tumtazame msichana anayehudumia hotelini. Meza kumi na mbili ni zake. Haamui lini wageni waje, wala chakula kitoke jikoni saa ngapi, wala bei. Chakula kikichelewa, mpishi hatukanwi, anayetukanwa ni yeye aliyesimama mbele ya mgeni. Akienda kwa meneja anaambiwa, "Mteja ni mfalme." Mzigo ni mkubwa, uamuzi hana, na msaada hakuna. Mambo yote matatu yamemwangukia mtu mmoja mwenye miaka ishirini na moja.

Mtia mafuta naye hali yake ni ile ile. Ninamfahamu kijana mmoja aliyefanya kazi katika kituo kilicho kando ya barabara kuu. Kila asubuhi walipopima mafuta, upungufu wo wote uligawanywa kwa vijana wa zamu ya usiku na kukatwa katika mishahara yao. Gari likikimbia bila kulipa, wanalipa wao. Kijana huyo aliniambia kwamba ilifika hatua akawa halali mchana, anahesabu lita kichwani. Mwezi mmoja alipokea chini ya nusu ya mshahara wake, akavua fulana ya kampuni akaiacha juu ya meza. Msimamizi wake akasema kijana hana uvumilivu. Mimi ninauliza: avumilie mpaka adaiwe na kampuni?

3. KAZI YA USO

Kuna mzigo mmoja ambao sisi wa shamba na kiwanda hatuna budi kujifunza kuuona, kwa sababu hauna uzito wa kilo. Kiwandani unaweza kukunja uso mbele ya mashine siku nzima, mashine haitakushtaki. Umefiwa, umegombana nyumbani, mtoto ana homa, uso wako ni wako. Lakini mhudumu, muuzaji na mpokea simu wanatakiwa wauze na uso pia. Wacheke wasipotaka kucheka. Wakitukanwa waseme, "Samahani, mheshimiwa."

Mwaka 1983 mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu juu ya wahudumu wa ndege na wadai madeni. Wale wa kwanza walifundishwa kutabasamu kama sehemu ya kazi, na wale wa pili walitakiwa kuwa wakali ili mdaiwa alipe. Alionyesha kwamba kuvaa moyo usio wako kwa mshahara ni kazi kamili, ingawa haimo katika hesabu ya malipo. Mtu akiifanya kwa muda mrefu hufika mahali asijue tena kicheko chake mwenyewe ni kipi. Baadhi yenu mmeona jambo hili nyumbani bila kulipa jina: binti anarudi kutoka hotelini, anaketi kimya, hataki kusemeshwa na mtu. Mama yake anadhani ana kiburi cha mjini. Huenda maneno mazuri yote ya siku ile yalikwisha kuuzwa.

Kwa wasichana liko jambo zito zaidi. Mgeni anamshika, au msimamizi anamwambia zamu nzuri zina bei yake. Hili haliitwi mzaha. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza mwajiri au mwakilishi wake kumsumbua mfanyakazi kwa mambo ya kimapenzi, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke taratibu za kuzuia mambo hayo. Kanuni za mwaka 2012 zikaeleza zaidi. Tena mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba namba 190 wa kupinga ukatili na usumbufu kazini, na Uganda iliuridhia mwaka 2023. Mkataba huo unahesabu pia ukatili unaotoka kwa watu wa nje, kama vile wateja. Kwa hiyo "mteja ni mfalme" si jibu tena.

4. TUFANYE HESABU YA SAA

Ndugu, toeni kalamu. Mhudumu anaingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja jioni, siku sita kwa juma, wala hapewi nafasi ya kukaa chini ale. Hizo ni saa 12 mara siku 6, yaani saa 72.

Sheria ya Ajira inasema kazi ya kawaida ni saa 48 kwa juma. Pamoja na ovataimu zisizidi saa 10 kwa siku wala saa 56 kwa juma. (Kwa kazi za zamu huhesabiwa wastani wa majuma matatu, lakini wastani huo nao haupiti saa 10 kwa siku wala 56 kwa juma.) Ovataimu hulipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na siku kuu za serikali mara mbili.

Saa 72 ukitoa 56, zinabaki saa 16 zilizopita mpaka wa sheria kila juma. Kwa majuma manne ni saa 64, sawa na siku nane nzima za kazi. Sasa hesabu ovataimu yote: saa 72 ukitoa 48 ni saa 24 kwa juma, kwa majuma manne ni saa 96. Ukizizidisha kwa moja na nusu unapata malipo ya saa 144, yaani mshahara wa siku 18. Kijana anayelipwa mshahara mtupu wa mwezi kwa zamu hizo anamwachia mwajiri mshahara wa siku 18 kila mwezi. Askari wa ulinzi anayekesha saa 12 kwa siku zote saba ana saa 84, na hana hata siku moja ya mapumziko, ingawa sheria inakataza kumfanyisha mtu kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika.

Saa nyingi hazimalizi pesa tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na ILO walitoa hesabu zao kwamba katika mwaka 2016 watu kama 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Mwenye saa hizo, akilinganishwa na mwenye saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi inazidi kwa asilimia 35. Mambo haya huonekana mtu akiwa mtu mzima, lakini saa zenyewe alianza kuzikusanya ujanani.

5. KIWANDA KIMOJA KILICHOKIMBIWA

Wako watakaosema kwamba kuacha kazi kila mara ni ugonjwa wa vijana wa simu za mkononi. Basi turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, katika kiwanda cha magari cha Ford, Marekani. Mwaka 1913 kiwanda hicho kilianza kuunganisha magari kwa mkanda unaotembea. Kila mtu alipewa kazi moja ndogo ya kurudia siku nzima, kwa mwendo uliopangwa na mkanda. Wafanyakazi wakakimbia. Ili kuwa na watu kama 14,000 kazini, kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya 52,000 katika mwaka mmoja. Walioondoka walihesabiwa kuwa asilimia 370 ya wafanyakazi wote. Hao hawakuwa watoto wa siku hizi. Walikuwa wanaume wazima, wengi wao wahamiaji maskini kutoka Ulaya.

Mwezi wa Januari 1914 kampuni ilitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa 8. Kabla ya hapo malipo yalikuwa zaidi kidogo ya dola 2 kwa siku ya saa 9. Wanaoondoka walishuka hadi asilimia 54 mwaka 1914, na asilimia 16 mwaka 1915. Watu walikuwa wale wale na mkanda ule ule. Kilichobadilika ni malipo na saa.

Lakini tusimsifu mwajiri kupita kiasi. Dola zile zilikuwa na masharti. Watu wa kampuni walikwenda majumbani kukagua jinsi mfanyakazi anavyoishi na anavyotumia pesa zake. Na kampuni ilikataa chama cha wafanyakazi hadi mwaka 1941, ilipolazimika kutia sahihi baada ya mgomo. Funzo ni mbili: watu hudumu pale kazi inapowatunza, na kinachotolewa kwa hisani ya tajiri huja na masharti ya tajiri.

6. NANI ANAPATA HASARA KIJANA AKIONDOKA?

Mwajiri husema yeye ndiye anayepata hasara kwa sababu inabidi afundishe watu wapya. Ni kweli kwa kiasi fulani. Mpishi mzuri akiondoka, hoteli inaona. Lakini tuchunguze upande wa pili.

Haki nyingi za mfanyakazi huota na kukua kwa muda. Kwa sheria ya Uganda, likizo ya malipo ni siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka, lakini huhesabiwa kwa aliyetumika mfululizo angalau miezi sita. Notisi ya kuachishwa ni majuma mawili kwa aliyetimiza miezi sita, mwezi mmoja kwa aliyetimiza mwaka, miezi miwili kwa miaka mitano, na miezi mitatu kwa miaka kumi. Kanuni za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi.

Basi hoteli inayobadilisha wahudumu kila miezi mitatu au minne haitoi likizo, haitoi notisi ndefu, wala haiandiki mikataba. Wako waajiri ambao kuondoka kwa vijana kunawafaa, nao hawana haraka ya kukuzuia. Wanajua kwamba nje ya geti wako wengine kumi wenye vyeti. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, pesa ambazo leo hazitoshi hata chakula cha siku mbili kwa familia. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia sahihi.

Na chama nacho kinapata hasara. Tunamwandikisha kijana leo, kabla kadi yake haijatoka amekwisha kuondoka. Mahali ambapo hakuna anayedumu hakuna anayekumbuka, na mahali ambapo hakuna anayekumbuka, mwajiri anaweza kuvunja ahadi ile ile kila mwaka mbele ya watu wapya.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, nyumbani. Kijana akirudi ameacha kazi, tusimpokee kwa matusi. Tumuulize maswali matatu tuliyojifunza: mzigo, uamuzi, msaada. Mwacheni alale. Na tutofautishe: kuchakaa hupungua mtu akitoka katika kazi iliyomchakaza. Lakini akiwa hali chakula, halali, anajifungia, anakunywa pombe tangu asubuhi, au anasema heri afe, hapo huenda ni ugonjwa, na ugonjwa una matibabu. Msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya. Hospitali za rufaa za mikoa zina idara ya magonjwa ya akili, na Kampala iko Butabika. Kumpeleka mtoto huko si aibu, kama vile kumpeleka kwa malaria si aibu.

Kwa aliyeugua akiwa bado kazini, sheria inampa aliyetumika angalau mwezi mmoja mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kuugua. Apate karatasi ya daktari na aipeleke mapema.

Pili, kijana mwenyewe awe na daftari. Kila siku aandike saa aliyoingia, saa aliyotoka, makato aliyokatwa na sababu aliyoambiwa. Daftari la shilingi elfu moja limeshinda kesi nyingi kuliko maneno matamu. Makato yanayoruhusiwa yametajwa katika sheria. Mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara apendavyo. Aulize pia kama michango yake ya NSSF inapelekwa, asilimia 5 kutoka kwake na 10 kutoka kwa mwajiri. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia. Akibadili kazi, namba yake ni ile ile, na fedha zake hazipotei.

Asiondoke kwa hasira akaacha mshahara mezani. Akifukuzwa bila haki, apeleke malalamiko kwa Afisa wa Kazi wa wilaya kabla ya miezi mitatu kupita. Wengi wamepoteza haki zao kwa kukaa nyumbani wakiugulia uchungu mpaka muda ukaisha.

Tatu, chama. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho. Uganda kipo chama cha wafanyakazi wa hoteli, vyakula, utalii na maduka makubwa, kama sisi wa mashamba tulivyo na chama chetu. Lakini kazi ya kuwakusanya ni ngumu. Shambani unawakuta watu mia tatu mahali pa kupimia miwa. Katika mji, hoteli ina watu kumi na tano, kituo cha petroli kina sita, na zamu zao hazikutani. Mwandalizi akija saa nne asubuhi anakuta nusu yao wamelala na nusu wanaogopa meneja. Njia zinazofaa ni hizi: kuwangojea zamu inapobadilishana, kuwafuata katika nyumba wanakopanga, maana mara nyingi wahudumu wa hoteli tatu nne wanaishi mtaa mmoja, na kuanza na jambo moja dogo linalowauma wote, kama vile makato ya sahani zilizovunjika. Wakilishinda hilo moja, hofu inapungua.

Nne, katika mapatano ya pamoja tusidai mshahara peke yake. Mshahara ni jambo la kwanza, lakini tumeona kwamba mtu huchakaa kwa mambo mengine pia. Mwaka 1991 ILO ilipitisha Mkataba namba 172 juu ya kazi za hoteli na mikahawa, unaosema kwamba wafanyakazi hawa wapate saa za kazi na mapumziko ya kufaa, tena wajulishwe ratiba zao mapema kiasi cha kuweza kupanga maisha yao. Kutokana na hayo madai yetu yanaweza kuwa:

(a) Ratiba ya zamu ibandikwe ukutani angalau juma moja mapema.
(b) Anayetoka usiku asirudishwe kazini alfajiri ile ile.
(c) Wanaotoka usiku wapewe usafiri, hasa wasichana.
(d) Mfanyakazi asilipe deni la mteja aliyekimbia.
(e) Anayetukanwa au kushikwa awe na ruhusa ya kuondoka mezani na kumwita msimamizi, wala asiadhibiwe kwa hilo.
(f) Kuwe na mahali pa kukaa na wakati wa kula.
(g) Wafanyakazi wachague mjumbe wao wa kukaa na meneja kila mwezi kupanga zamu.

Dai la mwisho ni dogo kwa macho, lakini linagusa kile alichokiona Karasek. Mtu aliyepanga zamu yake pamoja na wenzake hachoki sawa na yule aliyepangiwa.

8. MASWALI YA MAZUNGUMZO KATIKA TAWI

Katibu wa tawi asome somo hili kwa sauti, kisha wanachama wajadili:

(1) Kati yetu, nani ana mtoto au ndugu katika kazi za huduma? Anaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi? Pigeni hesabu yake ubaoni kama tulivyofanya.

(2) Katika kazi yetu sisi wenyewe, mzigo, uamuzi na msaada vikoje? Je, wako vijana wanaochakaa hata hapa shambani au kiwandani, nasi tunawaita wavivu?

(3) Tukisimama kupumzika katika mikahawa na vituo vya barabarani, sisi nasi ni wateja. Je, tunawasemaje wale vijana? Mfanyakazi anayemtukana mfanyakazi mwenzake kwa sababu chai imechelewa anamsaidia nani?

(4) Tawi letu linaweza kuwapelekea vijana wa mji ulio karibu msaada gani: mtu wa kuwasindikiza kwa Afisa wa Kazi, chumba cha mkutano siku ya Jumapili, au kitu gani kingine?

Majibu ya swali la nne yaandikwe katika daftari la kumbukumbu za tawi, pamoja na jina la aliyepewa kazi ya kuyatimiza na tarehe ya kutoa taarifa. Kidole kimoja hakivunji chawa.